Hori la Mama Yoranda na Magoti ya Mashua

Kiti mlichonipa siku ya kuniaga nilipostaafu nimeshakikalia. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi. Sikusema kitu pale ukumbini kwa sababu mke wangu alinifinya, lakini tulipofika nyumbani nilikipindua, nikapunguza ile miguu mingine mitatu kidogo kidogo mpaka yote ikalingana. Sasa ninakaa chini kuliko mlivyokusudia. Asanteni sana, ni kiti kizuri.

Siku ile mliniomba niwaachie maneno ya kuwasaidia kazini, nami nikala pilau nikasahau. Ndiyo haya. Ya vyeo sitayaandika kwa kuwa hayakuwa mengi, na ya mshahara mnayajua, kwani na ninyi mnalipwa na serikali hiyo hiyo. Nitawaeleza kazi moja tu, iliyonifundisha useremala kuliko shule niliyosomea. Ilikuwa kazi ya mashua. Najua mtacheka, maana Kasulu ni milima na migomba, na mashua utaiona kwenye kalenda. Chekeni, lakini msome.

Niliripoti karakana ya Kasulu mwanzoni mwa miaka ya sabini, nimetoka shule ya ufundi nikiwa na suruali iliyopigwa pasi na futi kamba mpya mfukoni. Kwetu ni Nyakitonto, si mbali, ila siku ile nilitembea kama mtu aliyetoka Ulaya. Mlangoni nilimkuta mzee mfupi amevaa koti zito la sufu, kofia imemfika masikioni, anakunywa kahawa kwa kashata na kuilaani baridi. Ndiye Fundi Heri.

Fundi Heri alikuwa mtu wa Ujiji. Babu yake aliunda mashua, baba yake aliunda mashua, na yeye mwenyewe alianza kushika tezo ya kuchongea mbao kabla hajaota meno ya ukubwani. Akaajiriwa serikalini akidhani atawekwa bandarini. Huko ofisini mtu akasoma "seremala", hakuuliza seremala wa nini, akampeleka milimani kutengeneza madawati. "Mimi na ziwa," alipenda kusema, "tumeachanishwa na mtu ambaye hata sura yake siijui. Ningeijua ningemsalimia kwa nyundo." Alikuwa amekwisha kutengeneza madawati ya kutosha kukalia wilaya nzima, Kasulu mpaka Kibondo, na hakuna hata moja alilolipenda.

Siku ile ya kwanza alinipa kipande cha mbao akaniuliza, "Inasema nini?"

Nikatazama kama kuna maandishi. Hakuna. Nikamwambia haisemi kitu.

"Shule ya ufundi!" akasema, akamtazama Mungu juu ya bati. Akachukua nyundo ya mti akaigonga ile mbao huku na huku. Upande mmoja ukalia *ko, ko*. Upande wa pili ukatoa sauti ya mtu anayejibu akiwa amefunikwa blanketi. Akaipasua. Ndani palikuwa pameoza, na nje ilikuwa inang'aa. "Mti mzima unaitika, bwana mdogo. Mgonjwa ananung'unika. Wewe usimwamini mtu aliyevaa vizuri." Nami nikajitazama suruali yangu.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu nishike msumeno. Kazi yangu ilikuwa kunoa. Nilinoa randa, nikanoa patasi, nikanoa hata kisu cha mama aliyetuuzia mihogo. Tezo yake yenye mpini wa mpera sikuruhusiwa hata kukigusa kivuli chake. Siku moja nilimwomba aniazime, akaniuliza, "Mswaki wako utaniazima?" Nikaachana nayo.

Basi, kiangazi kimoja kikielekea ukingoni, lori likaingia uwanjani limebeba mashua. Wake kwa waume waliacha soko wakaja kushangaa. Mashua ile iliitwa Mwendapole. Ilikuwa ikifanya kazi huko chini ambako mto Malagarasi unatanuka ukawa maji mapana na matete, na masika yakianza vijiji vya ng'ambo vinakatika kabisa. Ilivusha wagonjwa, wajawazito, dawa, chumvi, walimu na mbuzi wao. Injini iliwahi kuwekwa, ikafa, na mafuta ya petroli nayo yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo iliendeshwa kwa tanga kama zamani. Sasa upepo ulikuwa umeilaza milingoti chini. Nasema milingoti kwa mazoea. Ulikuwa mlingoti mmoja tu.

Alikuja nayo nahodha wake, Misago, mrefu mwembamba, amekaa juu ya mashua ndani ya lori njia nzima kama anayesafiri na mgonjwa. Alipoteremka hakusalimia mtu. Alisema tu, "Msiipasue."

Maana maneno yalikuwa yamekwisha kumfikia. Mkuu wa karakana yetu, Bwana Materu, mtu mwema kutoka kaskazini aliyeletwa Kasulu kama sote tulivyoletwa mahali, alikuwa na shule mpya nyingi zinazodai madawati na mbao hana. Akatangaza mbele yetu: mashua ikipona kabla ya masika, irudi majini. Isipopona, ipasuliwe, mbao zake ziwe madawati. Misago akatupiwa kazi ya ulinzi wa stoo, endapo mashua itapasuliwa.

Fundi Heri alivua koti. Nawaambieni, tangu nimfahamu sikuwahi kumwona bila koti. Akaizunguka Mwendapole polepole akiigonga na kusikiliza. Chini ilikuwa nzima. Mkuku, ule uti wa chini wa mashua, mzima. Mlingoti mzima. Alipofika ubavuni, pale kamba nene za kushikilia mlingoti zinapofungwa kwenye vyuma, nyundo ikanung'unika. Akaingia ndani, nikamfuata.

Ndani ya ubavu, nyuma ya kila chuma, kuna kipande kinene cha mti kilichojikunja kama goti la mtu aliyechuchumaa. Ndicho hasa kinachobeba kazi. Upepo ukijaza tanga, mlingoti unavuta kamba, kamba inavuta chuma, chuma kinavuta goti, na goti linagawa uzito kwenye mashua nzima. Mwendapole ilikuwa na magoti manne, mawili kila upande. Fundi Heri akachomeka patasi kwenye la kwanza kwa mkono mtupu, ikazama mpaka kwenye mpini.

"Maji," akasema. "Yameingia kwenye tundu la bolti, tone kwa tone. Halafu mtu mmoja mwenye akili akapaka rangi juu ili ipendeze, maji yakakosa pa kutokea." Yote manne yalikuwa hivyo, laini kama viazi vilivyosahauliwa jikoni.

Sisi mafundi wa madawati tukasema, kumbe ni hilo tu! Tukachukua ubao mnene wa mninga, mkavu, mzuri, tukachora goti kwa penseli, tukalikata kwa msumeno, tukalipiga msasa likateleza. Mwenzetu mmoja akalipaka hadi vanishi. Tukampelekea Fundi Heri kama wanaopeleka mahari. Akalitazama, akatusifu kwa vanishi, akaliweka chini kwenye kizingiti, akalikanyaga. Likavunjika pale pale kwenye mkunjo, vipande viwili.

"Mmekata kona kwenye ubao ulionyooka," akasema. "Nyuzi za mti zimekatika kwenye kona. Dawati halijali, linakaliwa na mtoto. Goti la mashua linakaliwa na upepo. Nataka mti uliojikunja wenyewe ulipokuwa unakua, nyuzi zizunguke na kona. Na nataka mkavu, uliokwisha kukosana na maji na kupatana."

Miti iliyojikunja porini ilikuwepo, lakini mibichi, na kuikausha kungechukua mwaka na zaidi. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kukusanyika upande wa Burundi. Misago alikuwa akilala karakana, na kila asubuhi alikuwa anaangalia juu kabla ya kunawa uso. Bwana Materu naye akawa anapita na futi, anapima mbao za mashua kwa macho, anahesabu madawati. Yalitukera sana hayo.

Jumamosi moja nikapanda baiskeli kwenda nyumbani Nyakitonto. Nilikuwa na kiu, nikapitia kwa jirani yetu Mama Yoranda, mjane aliyesifika kwa pombe ya ndizi kata nzima. Alikuwa kwenye maandalizi. Binti yake wa pekee, Yoranda, ambaye tulikua naye tukiibiana miwa, alikuwa anaolewa. Nikaketi kwenye gogo, nikapewa kibuyu, nikainama kunywa, na nilipoinua macho nikaliona hori.

Nieleze kwa wasiotoka huku. Ndizi mbivu hukamuliwa ndani ya hori refu lililochongwa kwenye gogo moja. Kwa Kiha tunaliita umuvure. Kila mji una lake. Ila la Mama Yoranda lilikuwa kichekesho cha kijiji, kwa sababu marehemu mume wake alilichonga kwenye mti wa mkora uliokua umepinda, likatoka limejikunja huku na huku kama ndizi yenyewe. Watu walimtania kwamba alichonga akiwa amekwisha kunywa. Mama Yoranda alikuwa akijibu kwamba maji ya ndizi yanakusanyika katikati yenyewe, na wenye mahori yaliyonyooka waendelee kukimbizana na yao kwa kata ya kuchotea.

Nikaweka kibuyu chini. Nikachukua jiwe nikagonga ncha ya hori. *Ko, ko!* Nikagonga ncha ya pili. *Ko!* Miaka yote ile linaloweshwa na kukauka, halina hata ufa. Na nyuzi za mti, unaziona kwa macho, zinazunguka na kona. Ncha mbili, kila moja ukiipasua katikati unapata magoti mawili. Manne!

"We Bukuru," akasema Mama Yoranda, "hori langu limekukosea nini?"

Nikamweleza kwamba serikali inalihitaji.

Lo! Nilijuta. Alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Serikali? Ilichukua baiskeli ya marehemu ikasema itairudisha. Sasa imeona hori? Ego, haya, iambie ije yenyewe, isitume mtoto niliyemfuta kamasi." Na hori haliuzwi, akanikumbusha, hata kwa nani. Nilijua. Kwetu hori ni kama mwanafamilia, likizeeka linaachwa nyuma ya nyumba lipumzike.

Nikarudi Kasulu nimenyong'onyea, nikamsimulia Fundi Heri. Badala ya kusikitika akavaa kofia. "Twende wote."

Jumapili tukafika, yeye amekaa nyuma ya baiskeli yangu analalamikia kila jiwe. Akamsalimia Mama Yoranda kwa taratibu zote, akapiga makofi ya salamu ya Kiha, "mwidiwe", kwa lafudhi ya Ujiji mpaka wanawake wakacheka. Akakaa. Hakutaja hori. Akauliza habari za migomba, akauliza habari za arusi, akauliza binti anaolewa wapi.

"Mbali," akasema Mama Yoranda, na uso ukabadilika. "Huko ng'ambo ya maji. Kijana mwenyewe mzuri, sina neno naye. Ila huko wanavuka kwa mashua ya serikali, na nasikia imekufa. Masika yakianza sitamwona mwanangu mpaka nchi ikauke. Akijifungua huko nitajulia wapi? Na desturi yetu unaijua, mama mzazi hasindikizi bibi arusi. Siku hiyo mimi nabaki hapa na vyungu." Akageukia ukuta akajifanya anatafuta kata.

Fundi Heri akauliza, "Mashua hiyo inaitwa Mwendapole?"

"Ndiyo hiyo."

"Haijafa, mama. Iko kwangu. Inaumwa magoti tu."

Akamweleza yote, taratibu, hadi habari ya madawati. Mama Yoranda akasikiliza, akatoka nje, akasimama mbele ya hori lake muda mrefu. Akaliwekea mkono kama mtu anayempima mtoto homa. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Huyu kijana wako mpumbavu," akasema akininyooshea kidole. "Mpumbavu kabisa! Ananiambia serikali. Angesema Yoranda!"

Hilo ni somo, vijana. Likiwafaa lichukueni.

Kwa kuwa hori haliuzwi, likatolewa kwa masharti ya wazee. Kwanza, lisiondoke na kiu: likamuliwe mara ya mwisho, na atakayelichukua anywe. Pili, atakayelichukua achonge jipya, na arusi isikose pombe kwa ajili yake. Tatu, lisikatwe machoni pa mwenyewe. Sharti la kwanza lilituingiza matatani, kwa kuwa Fundi Heri alikuwa mtu wa msikitini na pombe hakugusa. Wazee wakaanza kutazamana. Mama Yoranda akamaliza kesi kwa neno moja: maji ya ndizi yakitoka kwenye hori ni matamu tu, kulewesha ni kazi ya siku zinazofuata. Fundi Heri akapewa kata ya maji yale yale yaliyokuwa yakitiririka, akanywa, akalamba midomo, akaomba nyingine. Akaomba na ya tatu. Wazee wakasema sharti limetimia, aachie wengine.

Tukalipakia hori kwenye lori lililokuwa limepeleka madawati shule ya jirani. Wanaume walilibeba begani wakiimba, na Mama Yoranda akaingia ndani akafunga mlango, asilione likienda.

Karakana ikanuka pombe wiki nzima. Kila tezo iliposhuka, kibanzi kikaruka na harufu ya ndizi iliyochachuka, nyuki wakaja, nzi wakaja, na Bwana Materu naye akaja akatuinamia mmoja mmoja akitunusa midomo. Alimnusa na Fundi Heri! Mzee akakasirika akataka kurudi Ujiji kwa miguu. Ilibidi Bwana Materu apewe kibanzi akinuse mwenyewe ndipo akaomba radhi.

Siku ile ndipo Fundi Heri aliponipa tezo yake. Alinipa tu mpini. Nilichonga goti la tatu na la nne kwa mkono wangu, nikifuata nyuzi za mti zinakotaka kwenda. Ukilazimisha, tezo inaruka. Ukifuata, inakata yenyewe. Tuliyapachika magoti mahali pake bila kuacha hata nafasi ya kucha, tukatoboa kwa keekee, na kila tundu la bolti tukalijaza lami ya moto kabla ya kusukuma bolti, maji yasipate mlango tena. Mwenzetu wa vanishi akaja na kopo lake. Fundi Heri akasimama mbele ya magoti amenyoosha mikono. "Hapa haipakwi rangi wala vanishi. Mti ubaki wazi upumue, na ukiugua tuuone." Nanyi mnaopaka rangi kila kitu mpaka bawaba, mmesikia.

Huku hayo yakiendelea, jioni tulikuwa tunachonga hori jipya. Hori halihitaji mti mkavu kwa kuwa maisha yake yote limelowa, kwa hiyo tulipata gogo la mkora kutoka Nyakitonto. Gogo lilinyooka. Fundi Heri, ambaye mikono yake ilikuwa imekosa mashua miaka na miaka, akajisahau. Akalichongea mbele kama omo ya mashua, nyuma kama tezi yake, na chini akaliwekea kitu ambacho mimi nakiita mkuku. Tulipolipeleka, Mama Yoranda akalizunguka.

"Hili," akasema, "mvua ikinyesha litanitoroka."

Lakini alipoona Fundi Heri amelichimba zaidi katikati ili maji ya ndizi yakusanyike kama kwenye lile la zamani, akacheka mpaka akakaa chini. Pombe ya arusi ilikamuliwa humo.

Ikabaki kuijaribu mashua. Bwana Materu hakutaka maneno, alitaka kuona. Tukaiegemeza Mwendapole uwanjani kwa magogo, tukasimamisha mlingoti, tukakaza kamba zake. Juu ya mlingoti tukafunga kamba nyingine, ncha yake kwenye lori, na dereva akaambiwa avute kama upepo, yaani kwa adabu kwanza, kisha bila adabu. Misago alikaa ndani ya mashua akakataa kutoka. Alisema kama ni kufa wafe wote. Lori likavuta. Kamba zikalia. Mlingoti ukainama kidogo, magoti yakatoa mlio kama wa mtu anayenyanyuka kwenye mkeka, yakatulia. Dereva akaongeza moto. Kukasikika *paa!* kubwa, watu wakapiga kelele, Bwana Materu akafumba macho.

Kilichong'oka kilikuwa ndoano ya lori.

Misago alishuka akamkumbatia Fundi Heri akamwinua juu, koti na vyote, akizunguka naye uwanjani. Bwana Materu akaitazama ndoano, akaitazama mashua. "Basi madawati nitatafuta kwingine," akasema, na, kusema haki, alilitoa lori hilo hilo siku ya pili kuirudisha Mwendapole majini, likiwa limefungwa kamba badala ya ndoano. Mvua ya kwanza ilitukuta njiani.

Mwendapole ilivusha watu miaka mingi baada ya hapo, na Mama Yoranda alipanda mara nyingi kwenda kulea wajukuu, akigombana na Misago kila safari juu ya mahali pa kukaa. Lakini nataka nimalizie na safari ya kwanza, ya arusi.

Tulialikwa, mimi na Fundi Heri, kama watu wa upande wa bibi arusi. Asubuhi tulimtoa Yoranda kwao kwa vigelegele. Mama yake alisimama mlangoni na vyungu vyake kama alivyosema, kwa kuwa desturi ni desturi, akampangusa binti yake uso kwa kiganja, akarudi ndani. Yoranda hakulia. Kwetu bibi arusi hulia, ni heshima, na mashangazi walimfinya njia nzima wamsaidie, lakini wapi. Alikaa amefunikwa kitenge, mkavu kama mbao. Nilimjua tangu utoto. Alikuwa anaogopa.

Tukapanda. Misago akapandisha tanga, maji yalikuwa yamekwisha kujaa, mapana, matete yamezama nusu. Tulipofika katikati upepo ukatushika wa ubavuni, mashua ikalala upande, maji yakaruka ndani yakatulowesha wote. Mashangazi wakaanza kumwita Mungu kwa Kiha na kwa Kiswahili. Mimi nikayaangalia magoti. Yalilia mara moja, yakashika. Hayakusogea hata uzi.

Ndipo harufu ikaja. Mti wa mkora ulikuwa umeloweshwa maji ya mto kwa mara ya kwanza tangu utoke uani Nyakitonto, na ukaanza kutoa kile ulichokinywa miaka yote, harufu tamu ya ndizi zilizoiva, ya moshi, ya jikoni kwa Mama Yoranda, katikati ya maji.

Yoranda akainua kitenge. "Nani kabeba pombe humu?"

"Hakuna aliyebeba," akasema Misago. "Ni hilo goti hapo nyuma yako. Hori la kwenu."

Akageuka akalitazama. Akaliwekea kiganja, akasogea, akaliegemea mgongo wote kama mtoto anayebebwa, na hapo ndipo alipolia, analia na kucheka pamoja, mashangazi hawajui wapige vigelegele au wamfariji.

"Kumbe Mama amenisindikiza," akasema.

Fundi Heri aligeuka upande mwingine, akatoa spana kwenye koti lake, akaanza kukaza nati ambayo tulikuwa tumekwisha kuikaza.